Ng'ombe kwenye Ukuta wa Mikate

Mwaka ule wa 2003, vita vilipotulia kidogo mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, na watu wakaanza kutoka walikojificha, mjukuu wangu Michée alirudi kutoka Kisangani. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo na magunia mawili ya makopo ya rangi. Nilimpa chumba cha mbele cha nyumba yangu. Kabla hata hajaweka kitanda ndani, alikuwa amekwisha kuandika juu ya mlango: ATELYE MACHO. Atelye kwetu ni karakana ya fundi. Alichora vibao vya maduka, kuta za famasi, vitambaa vya kufunga juu ya barabara siku za sherehe, kila kitu kinachomwambia mpita njia kwamba hapa kuna kitu cha kununua.

Lakini Michée hakujua kuongea na wenye maduka. Akiulizwa swali, aliangalia viatu vyake. Kazi ya kuongea ilikuwa ya Charlotte.

Charlotte alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa. Kabla ya vita alikuwa akitafuta matangazo ya redio moja ndogo ya mtaani, na alimjua kila mfanyabiashara wa mji, nani amekimbia, nani amerudi, nani anafikiri kurudi. Asubuhi alitoka na blauzi yake ya bluu, ile moja nzuri, na jioni alirudi na kazi kwa ajili ya Michée.

Kwa asiyejua mambo yetu ya wakati ule, nitasema kwa kifupi. Sisi nyumbani ni watu wa ng'ombe. Charlotte alitoka Djugu, katika watu wa kulima. Ni makabila yetu hayo mawili yaliyokuwa yakiuana, na mji wenyewe ulikuwa umegawanyika, mitaa ya hawa na mitaa ya wale. Majirani waliniuliza kwa nini ninamfungulia yule mlango. Niliwajibu kwamba anakuja kazini, na kwamba kila akija ananichotea maji kabla hata hajakaa, jambo ambalo wao hawajanifanyia.

Kati ya wale wawili, shida haikuwa kabila. Shida ilikuwa kazi.

Charlotte alikuwa na tabia ya kuahidi kabla ya kuuliza. Mwenye famasi alimwambia, "Munichoree daktari mwenye ndevu," naye akajibu ndiyo papo hapo, wakati Michée alikuwa amekwisha kumchora daktari mwanamke akicheka. Michée alilazimika kumwekea yule mama ndevu. Alinuna siku mbili. Naye Michée alikuwa na tabia ya kubadilisha picha katikati ya kazi bila kumwambia yeyote, halafu Charlotte anafika kwa mteja akiwa amesifia samaki, anakuta ukutani kuna mtumbwi.

"Weye unaniuza kama nyanya!" Michée alimwambia siku ya mtumbwi ule.

"Nyanya haibadilike kuwa kitunguu njiani," Charlotte akajibu. "Miye minauza nini sasa? Minafunga macho na minauza?"

Walikuwa hivyo. Hata hivyo walikuwa na namna moja ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwingine. Charlotte hakumletea Michée maelezo. Alimwigizia mteja. Alisimama katikati ya kiwanja changu, akatembea kama mteja, akakohoa kama mteja, na Michée akaketi juu ya kopo la rangi akiangalia mpaka aone ni mtu gani anayemchorea. Majirani walikuja kuchungulia juu ya uzio. Hata mimi niliacha majani yangu ya sombe kwenye kinu.

Siku aliyotuletea ukuta wa Mama Pétronille, aliingia akikimbia, akiniita Koko, yaani bibi, kama Michée anavyoniita.

"Koko, acha kila kitu! Michée, keti!"

Alipandisha kitenge chake, akatoa kifua mbele, akaweka mkono mmoja kiunoni na mwingine hewani kama anayefukuza nzi. Nilimtambua mara moja. Ni Mama Pétronille wa Mambasa, asiye wa kabila letu wala la Charlotte, mjane mwenye tanuri la mikate la kujengwa kwa matofali karibu na barabara kubwa, upande wetu wa mji. Waporaji walikuwa wameng'oa milango na mabati yake, lakini tanuri halibebeki.

"Miye minafungua siku ya posho!" Charlotte alinguruma kwa sauti ya yule mama. Posho ni Jumamosi kwetu, na kuuza ni kununua pia. "Minataka batu baone ukuta wangu mupaka basahau njaa! Halafu bakuwe na njaa, bauze mukate!"

"Sasa basahau njaa ao bakuwe na njaa?" Michée aliuliza akicheka.

"Ye mwenyewe hajui. Ndiyo kazi yako." Charlotte aliacha kuigiza, akaketi chini, akafuta jasho. "Sikia. Ukuta muzima, muchoraji. Muzima! Na akipenda, atatupatia vibanda vyake vyote vya mukate, kila karitye ya muji. Lakini nilimuahidi kitu."

"Umeanza tena."

"Nilimuahidi batu ya pande zote batakuja. Unga wake unatoka Uganda, iko bei kali. Nusu ya muji ikikuja peke yake, atafunga tanuri kabla ya Noeli."

Michée akasema kile alichokuwa amekwisha kuniambia mimi. "Hii ni ya mwisho, Charlotte. Ikiharibika, minarudia Kisangani. Nimechoka kuweka ndevu kwa wamama."

Charlotte alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyecheka tena.

Michée alipanda ngazi Jumatatu. Mpaka Alhamisi mchana ukuta ulikuwa umekwisha. Nilipeleka maharagi na ugali nikakuta nusu ya mtaa imesimama barabarani. Alikuwa amechora kilima cha kijani jua likichomoza, mtoto ameketi kwenye majani na mkate mkubwa mkononi na kikombe cha maziwa, na nyuma ya mtoto ng'ombe mwekundu, mkubwa kuliko mlango, mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea jicho. Alikuwa ni ng'ombe wa baba yangu. Nilikuwa nimemsimulia Michée habari zake tangu alipokuwa mdogo, na yeye alikuwa hajawahi kumwona. Sasa alikuwa hapo, akinitazama kwa jicho lenye maji kama lile lenyewe.

Watu walipiga makofi. Wazee waligusa ukuta. Mama Pétronille alitoka na unga mpaka kwenye viwiko akasema, "Huyu ng'ombe, hata mukate ukikosa chumvi, batauza tu!" Sote tulikuwa na furaha. Wale waliopiga makofi walikuwa watu wa mitaa yetu, wote. Wale wengine hawakuwapo, walikuwa hawapiti tena upande huo, na mtu asiyekuwapo humwoni uso wake.

Charlotte alikuwa anatoka kwao, ng'ambo ya mji, na kwenye kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, ambako alikuwa akitangaza habari ya mkate tangu asubuhi. Yeye peke yake kati yetu alitembea pande zote. Alikuja haraka, akitabasamu kwa sababu ya umati, akainua macho. Tabasamu likaisha.

Alisogea mpaka chini ya ngazi ambayo Michée alikuwa bado juu yake. Nilikuwa karibu na sufuria yangu, nikasikia.

"Ifute," alisema polepole.

"Nini?"

"Ng'ombe. Ifute. Nakuomba."

"Kliyan mwenyewe, Mama Pétronille, anaipenda! Waulize!" Sauti ya Michée ilipanda, na vichwa vikageuka. "Amekuambia nini tena, umeahidi nani tena? Unataka niiwekee ndevu?"

"Usiniulize hapa."

"Nitakuuliza hapa hapa! Sababu gani?"

Niliogopa. Kama yeye, binti wa Djugu, angesema kwa sauti mbele ya watu wetu kwamba ng'ombe aondolewe, sijui nini kingetokea. Watu walikuwa wamezikana majuzi tu. Mtu mmoja nyuma alikwisha kuuliza, "Huyu mwanamuke anasema nini juu ya ng'ombe?"

Charlotte aliwageukia, akacheka kwa nguvu. "Baba, tunacheza! Subirini muone!"

Akafanya ile kazi yake ya kiwanjani. Alivua viatu. Akainama kama mwanamke mzee anayebeba kikapu mgongoni, kamba imezunguka paji la uso, kama wanavyobeba wamama wa vijijini. Akatembea akija kwetu, taratibu, amechoka. Akanusa hewa. Akanusa tena. Uso wake ukafunguka, akaanza kuharakisha, akapapasa kwenye fundo la kitenge mahali ambapo mwanamke anaweka kidogo alicho nacho. Watu walicheka na kupiga vigelegele: "Enda, mama, enda! Mukate iko moto!" Akafika mbele ya ukuta. Akainua macho mpaka kwa ng'ombe.

Akasimama. Mikono ikashuka. Akafunga tena lile fundo la kitenge, kwa makini, kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. Akageuka, akavuka barabara, akaendelea kutembea, mgongo wake ukienda mbali na sisi.

Umati uliendelea kucheka. "Charlotte huyu, wazimu!" Michée hakucheka. Mimi nilikuwa nimeweka mkono mdomoni. Nilimtazama mjukuu wangu juu ya ngazi na niliona kwamba ameona. Ukuta ule, kwa yule mama mzee, ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa: mkate huu ni wa wale, si wako.

Michée alishuka. Alikuwa kijana wa kujivuna kwa mkono wake, msijidanganye. Hakuna kitu alichokipenda kuliko kuambiwa amechora vizuri, na siku ile mtaa mzima ulikuwa umemwambia. Alichukua kopo la rangi nyeupe, akalifungua kwa kisu, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Miguu ya nyuma nimekosea. Angalieni. Ng'ombe hasimamake hivi. Ni aibu kuiacha."

"Ah, muchoraji, iko muzuri!" watu walilia. "Acha!"

"Nimekosea," alirudia, akapanda tena na kupiga rangi nyeupe juu ya lile jicho.

Nilimpenda sana wakati ule. Hakuna aliyemtazama Charlotte tena. Wote walimlaumu yeye, mchoraji asiyejua miguu.

Mama Pétronille alitoka mbio akiwa na kibao cha kutolea mikate. "Ng'ombe yangu! Nani anaua ng'ombe yangu?"

Charlotte alijiweka kati yake na ukuta. "Mama, ni miye. Kuna kitu kingine kinakuja. Kizuri kupita."

"Kitu gani?"

Nilisubiri aahidi. Ilikuwa tabia yake, angeweza kuahidi twiga mwenye miwani. Charlotte alifungua mdomo, akamtazama Michée, akaufunga.

"Sijui, mama."

"Hujui? Weye si ndiye muuzaji?"

"Sijui atachora nini. Minajua nani anachora."

Mama Pétronille alimpima kutoka juu mpaka chini. "Kesho kutwa asubuhi minafungua. Nikiona takataka, minapaka chokaa na minamuita Athanase. Athanase hachore wanyama, anaandika MUKATE na anaenda kwake!" Akaingia ndani, na tukamsikia akigombana na unga.

"Sasa?" Michée alimwuliza Charlotte. "Unataka niweke nini?"

"Ile ni yako."

"Hutaniambia?"

"Nimekuambia nani atapita. Ingine ni yako."

Ijumaa asubuhi Michée alifunga mahema ya plastiki mbele ya ukuta wote, yale ya bluu ya wakimbizi, akajificha nyuma yake na ngazi, kwenye mwanga wa jua uliopenya. Alimwambia Charlotte, "Usiangalie." Charlotte akajibu, "Siangalie." Alileta kiti kidogo, akakiweka mbele ya hema, akaketi akiupa ukuta mgongo, amevaa kitenge chake cha manjano chenye vifaranga, na kuanzia hapo hakuna mtu aliyepita bila kuambiwa arudi kesho.

Mtaa mzima ulishikwa na homa. Mafundi baiskeli waliacha kazi wakabishana.

"Ni samaki."

"Samaki na mukate? Weye ulikulia wapi?"

"Ni papa wa Roma!"

"Papa anauza mukate?"

"Anabariki!"

Gari jeupe la MONUC, la askari wa Umoja wa Mataifa, lilipunguza mwendo, askari mmoja akatoa kichwa kutazama hema, na watoto wakampigia kelele kwamba kuingia ni kesho, hata yeye. Nilipoleta chakula cha mchana nilimwuliza Charlotte kwa sauti ndogo, "Hutaki kuchungulia hata kidogo?"

"Koko, minataka mupaka macho inaniwasha! Lakini nikiangalia nitasema kitu. Nikisema, atachora kile minasema. Na miye sijue kuchora."

Niliingia nyuma ya hema na sahani. Michée alikuwa ameketi kwenye ngazi, pinso, ile brashi yake, mkononi, na ukuta mbele yake ulikuwa mweupe bado. Mchana!

"Koko," aliuliza, "Charlotte iko pale?"

"Iko. Ameupa ukuta mgongo tangu asubuhi. Hajageuka hata mara moja."

Palikuwa na mwanya kati ya mahema mawili. Michée aliegemea, akatazama kupitia hapo. Alitazama muda mrefu, chakula kikapoa. Kisha akaanza kucheka peke yake, akaniambia, "Toka, Koko, toka, minafanya kazi!" na pinso lake likaanza kukimbia.

Jumamosi asubuhi barabara ilijaa. Harufu ya mkate ilikuwa imeamka kabla ya jua na kuwatoa watu vitandani. Mama Pétronille alisimama mlangoni na kilemba kipya, na pembeni yake, niliona, ndoo ya chokaa tayari. Charlotte alikuwa bado hajaona kitu. Alinishika mkono na vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki.

Michée alivuta kamba. Mahema yakaanguka.

Ukutani palikuwa na watu wengi, wakubwa kama sisi wenyewe, wamejipanga mlolongo mrefu kuanzia kona ya barabara mpaka mlangoni. Wote tuliwaona kwa nyuma. Migongo tu. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mtoto amelala uso umefichwa kwenye kitambaa. Mzee mwenye kofia. Mtu wa baiskeli na madumu. Mama mwenye kikapu na kamba. Fundi mwenye suruali iliyopasuka. Hakuna uso hata mmoja. Hungeweza kusema huyu ni wa nani, yule ni wa nani. Na mwisho wa mlolongo, kwenye dirisha dogo lililochorwa, mkono mmoja ulitoka umeshika mkate unaofuka moshi.

Nilisikia mtu akimeza mate.

"Ule ni miye!" mtu alipiga kelele. Alikuwa fundi baiskeli. "Ile suruali ni yangu! Angalieni!" Akageuka, akaonyesha, na kweli ilikuwa imepasuka pale pale.

Basi kila mtu akaanza kujitafuta. "Ule ni shangazi Joséphine, angalia tu matako!" "Acha uongo, Joséphine hana kiuno!" "Mwenye kofia ni baba yangu!" "Ni wangu!" Watu walisukumana wakisimama karibu na ukuta, migongo kwa migongo, wakijilinganisha urefu. Mama Pétronille alishuka ngazi za mlango polepole.

"Na miye?" aliuliza. "Kila mutu iko. Miye iko wapi?"

Michée alionyesha ule mkono dirishani. Ulikuwa mnene, wenye unga mpaka kwenye kiwiko, na bangili ya shaba. Mama Pétronille aliinua mkono wake mwenyewe, akautazama, akautazama ule mwingine. Alisogeza ile ndoo ya chokaa kwa mguu mpaka nyuma ya mlango.

Mimi nilikuwa ninamtazama Charlotte. Alikuwa ameona mtu mmoja ukutani karibu na mama mwenye kikapu: mwanamke mwembamba, ameketi badala ya kusimama, kwenye kiti kidogo, kitenge cha manjano chenye vifaranga.

"Mushenzi huyu," alisema, na akafuta macho kwa kiganja. "Ameniweka nimeketi, kama muvivu."

Lakini hakubaki kufurahi. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara.

Walikuwa wamefika. Wamama saba au nane wa kambi na wa mitaa ya kule, wamesimama pamoja wakishikana vitenge. Kelele zetu zilipungua. Wale wetu waliokuwa wakicheka walitazama chini. Mmoja wa wale wamama, mzee, mwenye kikapu chenyewe na kamba yenyewe kwenye paji la uso, alitazama ukuta kutoka mwanzo mpaka mwisho. Charlotte hakumwita. Michée alishika ngazi kana kwamba ngazi ndiyo inayotaka kuanguka.

Yule mama alivuka. Alikuja mpaka mahali ambapo mlolongo wa ukutani unaanzia, kwenye kona, na sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kujipanga hapo bila kuambiwa. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Ni hapa mulongo inaishia, mama?" aliniuliza.

"Ni hapa," nikamwambia. "Karibu. Kikapu kizito, shusha kidogo."

Nikamsaidia kutoa kamba. Wenzake wakavuka nyuma yake, mmoja mmoja. Mtu wa mbele yangu, ambaye sikumdhania hata kidogo, alisogea ili wapate kivuli.

Mkate uliisha kabla jua halijapanda. Mama Pétronille alikanda mwingine, nao ukaisha. Alitoka jasho likimtiririka, akipiga kelele mpaka ng'ambo:

"Charlotte! Vibanda! Minataka vibanda yangu yote ifanyike mbele ya Noeli! Utaweza ao hapana?"

Charlotte alivuta pumzi ya kujibu. Nilijua pumzi ile. Kisha akageuka, akamtafuta Michée katikati ya watu.

"Nimuambie nini?" aliuliza.

Michée alikuwa na mdomo umejaa mkate. Alimpungia mkono tu.

"Sema ndiyo," alisema. "Utanieleza kisha."